Alfajiri Jeshi Lilipoizunguka Majengo: Nani Akumbuka Sawa?

Msafiri yeyote wa pwani aliyepanda basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi apajua Mackinnon Road. Kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, na desturi ya tangu zamani ni dereva kusimama, abiria wakashuka kusoma Fatiha na kutia chochote katika sanduku la sadaka, kisha safari ikaendelea. Lakini ni wachache kati yetu tusimamao pale ambao hukumbuka kwamba mwaka 1954 Mackinnon Road palikuwa na kambi ya seng'enge iliyojaa maelfu ya wanaume walioletwa kutoka Nairobi kwa garimoshi. Na ukisha kupita Voi, ipo Manyani, ambayo hadi leo ina jela. Wakati ule Manyani ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kupita zote.

Wengi katika watu wale waling'olewa vitandani katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na mmoja katika mitaa hiyo ni Pumwani, ambao sisi tuliozaliwa humo twauita Majengo.

Mpwani akifika Majengo hahitaji kuonyeshwa njia. Ataisikia adhana ya msikiti wa Riyadha, ataona mabaraza, na mpaka jina la Digo Road litamwambia kwamba watu wa kwao walitangulia. Kabla ya Pumwani kujengwa palikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyotapakaa kandokando ya mji: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa na Pangani. Serikali ya mji ilivibomoa kimoja baada ya kingine, na mapema katika miaka ya 1920 ikawapimia watu viwanja Pumwani wajenge wenyewe. Pangani ilikuwa ya mwisho; ilivunjwa mwaka 1939 na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Nyumba zilizojengwa Majengo zilikuwa ni nyumba zetu za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ua nyuma wenye jiko na choo. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Baadhi yao walikuwa wamepata fedha za kujengea kwa kazi ambayo haitajwi msikitini, na wataalamu wa historia kama Janet Bujra na Luise White, waliokwenda kuzungumza na mabibi hao katika miaka ya 1970, wameyaandika hayo bila kuficha. Sisi wajukuu tumeyasoma katika vitabu vya Wazungu kabla ya kuambiwa nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Alizaliwa Kiambu, akasilimu akiwa kigoli, akaolewa na Mdigo mmoja aliyekuwa mpishi, ambaye alifariki mapema na kumwachia watoto wawili na vyumba sita. Alipokuwa mtu mzima Kiswahili chake kilikuwa hakina doa. Jina lake lilikuwa la Kiislamu na vazi lake buibui. Mtu asiyemjua asingebuni kwamba lugha aliyonyonya ni Kikikuyu. Neno hili msomaji alishike, kwa kuwa kisa chote kimefungwa hapo.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, siku ya Jumamosi, Nairobi ilifungwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha tangaza hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na sasa Jenerali George Erskine aliazimia kuusafisha mji asibaki mtu yeyote wa Mau Mau. Jambo hilo aliliita Operesheni Anvil, yaani fuawe, lile chuma afualiapo mhunzi. Askari na polisi, ambao idadi yao huandikwa kuwa karibu 25,000, walizunguka mji na kuuingia mtaa kwa mtaa. Vipaza sauti viliwaambia watu watoke nje. Waliokamatwa waliruhusiwa mfuko mmoja wa vitu, na vilivyobaki nyuma viliporwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na makabila mengine, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa vichwa kwa magunia yenye matundu ya macho. Hao waliitwa gakunia. Gunia likitikisa kichwa, mtu amekwisha. Wanaume wapatao 20,000 walipelekwa kambi ya Langata kuchujwa, na kutoka hapo wengi wakateremshwa Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto kwa maelfu walipakiwa magari wakarudishwa mikoani kwao. Kazi hiyo iliendelea kwa majuma.

Majengo iliwatatiza askari kidogo. Mtu aitwaye Juma au Mariamu, avaaye kofia au buibui, angeweza kuwa amezaliwa popote, kutoka Vanga mpaka Nyeri.

Katika chumba cha tatu cha nyumba ya Bibi alipanga fundi seremala, kijana wa Kikikuyu, Mkristo. Hilo halina ubishi. Asubuhi ile alichukuliwa na hakurudi tena Majengo. Hilo nalo halina ubishi. Yaliyopita kati ya kugongwa mlango na kuondoka kwa lori ndiyo ambayo jamaa zangu hawajakubaliana hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya nitafute kujua jinsi watu walionusurika maafa wanavyoyakumbuka.

Kisa kama mama yangu akijuavyo, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, ni hiki. Askari walipokuwa nyumba ya jirani, yule seremala alimjia Bibi ukumbini akitetemeka. Bibi akafungua kasha, akatoa kofia na kanzu ya marehemu mumewe, akamvika, akamwambia akiulizwa aseme yeye ni mwana wa ndugu yake kutoka Kwale. Wakatoka nje wote. Askari wakaridhika, lakini gunia likatikisa kichwa. Akavuliwa kofia, akapandishwa lori. Hivi ndivyo Bibi mwenyewe alivyokuwa akiwahadithia wanawake wenzake wakati wa kuchambua mchele wa maulidi, na wote wakasema masikini, masikini, na mazungumzo yakageuka.

Mwaka 1988 Bibi aliugua, nami nilikuwa kijana niliyekuwa nikilala chumbani kwake kumnyanyua usiku. Usiku mmoja, bila kuulizwa, alinieleza kisa kingine. Kwamba hapakuwa na kofia wala kanzu. Kwamba yule kijana alisimama ukumbini mbele ya askari akamwita "maitu", yaani mama yangu kwa Kikikuyu, neno ambalo mpangaji yeyote humwita mwenye nyumba kwa adabu. Askari akageuka akamtazama Bibi. Naye Bibi akajibu kwa Kiswahili kwamba huyo ni mpangaji tu na kwamba hakuelewa alichosema. Nyuma ya buibui lake walikuwa watoto wawili. Basi. Hakulia alipokuwa akinieleza. Aliniomba maji, akanywa, akalala. Alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu, na hakurudia tena habari hiyo.

Mjomba wangu alikuwa na miaka saba. Yeye hakumbuki kofia wala hakumbuki neno lolote. Anachokumbuka ni mbwa. Anasema askari mmoja aliingia ukumbini na mbwa, mbwa akapindua sufuria ya uji, na baada ya askari kuondoka Bibi aliwatuma wakalete udongo, akauosha ukumbi mara saba, mara moja kwa udongo, kama ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii. Anakumbuka baridi ya maji miguuni. Mama yangu anaapa kwamba hapakuwa na mbwa. Bibi hakumtaja mbwa katika kisa cha kwanza wala cha pili.

Hapo kuna visa vitatu, nyumba moja, asubuhi moja. Nikamwuliza rafiki yangu mwanasheria ni upi ungeaminiwa mahakamani. Akacheka, akasema pengine wote watatu wangetupwa.

Wala hakukosea sana. Msomaji atakumbuka kwamba wazee wa Mau Mau waliishitaki Serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009. Miongoni mwao alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyekuwa Hola, katika mkoa wetu wa pwani, siku ya tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipopigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi. Yeye alipigwa akazimia, akatupwa pamoja na maiti akidhaniwa ni mmoja wao. Serikali ilitangaza kwanza kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Wengi katika pwani waliisikia habari ya maji kabla ya kusikia ya marungu. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi ya Nyingi na wenzake wawili, Paulo Nzili na Jane Muthoni Mara, yaweza kusikizwa kwa haki japo miaka imepita mingi. Sababu kubwa ilikuwa karatasi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imelazimika kutoa mafaili ya Kenya yapatayo 1,500 yaliyofichwa mahali paitwapo Hanslope Park, na maandishi hayo ya wakubwa wenyewe yalikubaliana na waliyosema wazee. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na mwaka 2015 mnara ukafunguliwa Uhuru Park.

Basi wakaja wengine, zaidi ya 40,000. Kesi yao ilichukua zaidi ya siku 200 mahakamani, na mwezi Novemba 2018 Jaji Stewart akaifutilia mbali. Alisema muda uliopita ni mrefu mno, mashahidi wengi wamekufa, na kumbukumbu ya mwanadamu baada ya miaka zaidi ya hamsini haiaminiki: hufifia, hubadilika, huchanganya aliyoyaona mtu na aliyoyasikia. Wazee waliokuwa wamepigwa, waliokuwa na makovu, waliambiwa kwamba yaliyomo vichwani mwao hayatoshi.

Nilipolisikia jambo hilo nilikasirika kama walivyokasirika Wakenya wengine. Kisha nikaikumbuka nyumba yetu, na hasira ikapungua, ingawa haikwisha. Jaji hakusema uongo kuhusu kumbukumbu. Nilikuwa na ushahidi wake sebuleni kwetu.

Mambo haya wamechunguza watu. Huko Uholanzi, wakati wa vita vya Hitler, palikuwa na kambi iliyoitwa Erika, na mmoja wa watesaji humo alikuwa mtu aitwaye Marinus De Rijke. Waliotoka kambini walitoa ushahidi kati ya miaka ya 1943 na 1947. Kesi ya De Rijke ilipofufuliwa katika miaka ya 1980, mashahidi walihojiwa upya, na wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Wagenaar na Groeneweg, wakalinganisha maelezo ya zamani na mapya ya watu 78. Walichokiona chastahili kusomwa polepole. Karibu wote, baada ya miaka arobaini, walikumbuka vizuri maisha ya kambi: njaa, kazi, namna ya adhabu, mahali palivyokuwa. Lakini tarehe ya kuingia kambini wengi waliikosea, na majina na sura za watesaji ziliwatoka. Na kuna waliosahau mambo ambayo mtu angedhani hayasahauliki. Mmoja alikuwa amepigwa mpaka akashindwa kutembea kwa siku kadhaa, na alipoulizwa katika miaka ya 1980 alikumbuka mateke ya hapa na pale tu.

Kwa hiyo mtu aliyenusurika haumbi kambi ambayo haikuwako. Shina la jambo hubaki. Majani ndiyo hupukutika, na mahali pengine huchipua majani mapya ambayo hayakuwako. Tatizo la mahakama ni kwamba huuliza habari za majani: tarehe gani, jina la askari, namba ya lori, mkono wa kulia au wa kushoto.

Kuna na mfano wa Italia ambao naupenda zaidi. Katika mji wa viwanda uitwao Terni, mwaka 1949, polisi walimwua mfanyakazi kijana aitwaye Luigi Trastulli katika maandamano ya kupinga Italia kuingia katika mkataba wa NATO. Miaka mingi baadaye Alessandro Portelli, mtafiti wa masimulizi ya midomo, aliwahoji wafanyakazi wa mji huo na wengi wakamwambia kwamba Trastulli aliuawa mwaka 1953, watu walipokuwa wakipinga kufukuzwa kazi kwa maelfu kiwandani. Mwanahistoria mvivu angesema wazee wamekosea na kufunga daftari. Portelli aliuliza kwa nini wamekosea wote pamoja na kwa njia moja. Akaona kwamba kifo kile kilikuwa kikubwa mno kwao kukiacha katika maandamano ya asubuhi moja ya mambo ya nchi za nje. Wakakihamishia pale maisha yao yalipovunjika kweli, wakati wa kufukuzwa kazi.

Huku kwetu nimeona mfano huo. Nimesikia wazee wa Majengo wakichanganya kuvunjwa kwa Pangani na Anvil kana kwamba ni juma moja, ilhali kati yake kuna miaka kumi na tano na vita vya dunia. Ukiwasahihisha wanakubali kwa adabu, kisha dakika tano baadaye wanachanganya tena. Kwa mtu aliyetolewa nyumbani mara mbili na serikali ile ile, akiambiwa beba unachoweza, ni mlango mmoja unaogongwa.

Hesabu za waliokufa nazo zina tabia yake. Tarehe 16 Machi 1922, polisi na Wazungu waliokuwa hotelini walipowapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akaanguka mbele ya wenziwe, serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Ukivuka barabara kutoka Majengo ukaingia Eastleigh, utawakuta jamaa wa watu wa Wajir waliozuiliwa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla mwezi Februari 1984. Mwanzoni serikali ilitaja 57. Manusura wametaja maelfu, wakaeleza hayo mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013. Idadi hizo haziwezi kukutana. Lakini uliza habari ya kiu, au ya kuvuliwa nguo wanaume Waislamu watu wazima mbele ya watoto wao, na maelezo yanafanana kutoka kwa mtu hadi mtu. Aliyelala uchi juani siku nne bila maji hakuwa akihesabu. Mwenye kuhesabu alikuwa na kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenye bunduki.

Wachache walikuwa na kalamu upande wa pili. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa vitabu vya Kikikuyu, aliandika habari zake za kizuizini, na sehemu ya muda huo aliumaliza katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, kikapata tuzo ya Noma mwaka 1984. J. M. Kariuki aliandika yake ya Manyani mapema zaidi, yakatoka mwaka 1963. Vitabu hivyo ni hazina, lakini ni vya wanaume waliojua kuandika na waliokuwa ndani ya seng'enge. Mwanamke aliyebaki mlangoni mwa nyumba ya Majengo hayumo. Yeye hakuzuiliwa. Hakuna mahakama itakayomlipa wala orodha itakayokuwa na jina lake, na kwa kweli sijui kama yeye mwenyewe angejiita mtu aliyenusurika. Angeweza kujiita jina baya zaidi.

Hapa narudi nyumbani, kwa kuwa lipo jambo ambalo Bibi hakulihadithia wala kulibadilisha.

Wapwani wanajua vunjajungu, zile siku za mwisho za Shaaban watu wanapopika, wanapokwenda matembezini na kula washibe kabla ya mfungo. Majengo nayo ilikuwa na vunjajungu yake, na watoto tulikuwa tukiingoja kama Idi. Nyumba yetu haikupika. Kumi la mwisho la Shaaban likiingia, Bibi alikuwa hawashi jiko la karamu, haendi kwa mtu, wala hapokei chano kutoka kwa jirani. Alifagia chumba cha tatu mwenyewe, hata kama kilikuwa na mpangaji. Mpangaji alisubiri uani mpaka amalize. Sisi wajukuu tuliona ni ubahili, na tuliutungia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Bibi hakujua tarehe ya Kizungu ya siku ile. Alisema mwaka wa Anvil, Shaaban, kumi la mwisho likianza. Mama yangu kila siku alisema ni Rajab, kwa sababu anakumbuka alikuwa bado akifunga funga za kulipa na Bibi. Miaka michache iliyopita nilichukua kalenda nikahesabu kurudi nyuma. Ramadhani ya mwaka 1373 iliingia takriban tarehe 4 Mei 1954. Tarehe 24 Aprili ilikuwa ni ishirini Shaaban au karibu na hapo, kutegemea mwezi ulivyoonekana.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Mwanamke asiyejua kusoma, bila kalenda ukutani, aliishika siku ile kwa miaka thelathini na mitano asiikose kwa zaidi ya siku moja au mbili. Na ni mwanamke huyo huyo aliyewapa watu visa viwili vya siku hiyo visivyoweza kuwa kweli vyote. Jaji wa London angeuliza: tumwamini lipi?

Mimi nina maoni yangu, na mama yangu anayajua na hayapendi. Naona kisa alichonieleza usiku ndicho kilichotokea. Kile cha kofia na kanzu naona ni jambo alilotamani awe amelifanya, akalikariri kwa wanawake wenzake miaka mingi mpaka likapata rangi na kitambaa na harufu ya kafuri kutoka kashani. Mama yangu ajibu kwa neno ambalo sijaweza kulipindua: mgonjwa wa usiku naye hubuni. Mtu aliyekaa na majuto, asema, huweza kujisingizia kosa kubwa kuliko alilotenda, kwa sababu kosa lenye umbo ni rahisi kulibeba kuliko kusema nilijaribu na haikufaa. Naye aliiona ile kofia kwa macho yake. Au asema aliiona. Kanzu ya babu haikuwahi kupatikana kashani baada ya mwaka ule, na hilo halithibitishi kitu, maana katika Anvil vitu vingi viliondoka nyumba nyingi.

Mbwa ndiye aliyenishinda kabisa. Mama hamtaki. Lakini mjomba hana faida yoyote na mbwa yule. Hajitukuzi kwa ajili yake wala hajilaumu. Na mtu hawezi kubuni baridi ya maji miguuni, nilidhani, mpaka niliposoma kwamba mtu aweza. Mjomba mwenyewe, nilipomweleza hivyo, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama wataalamu hao waliwahi kuosha ukumbi mara saba.

Yule seremala aliacha sanduku la zana. Bibi aliliweka chini ya kitanda chake, akalihamisha kila kitanda kilipohamishwa, na hakuliuza hata mwaka wa njaa. Alipofariki tulilifungua. Mlikuwa na randa mbili, msumeno ulioshikwa na kutu, patasi, na penseli bapa ya useremala. Hamkuwa na jina wala karatasi yoyote. Mjomba alisafiri Kiambu na Murang'a akiuliza, kwa jina alilolikumbuka mama, na jina hilo moja lilikuwa la watu mia. Randa moja ingali kwake Shauri Moyo, nayo huitumia.

Mwaka jana niliwaketisha wote wawili, mama na mjomba, nikawaambia kwamba nataka kila mmoja aseme yake niandike neno kwa neno, wasije wakaondoka duniani na sisi tubaki tukigombania. Niliandika cha mama kwanza, kikajaa kurasa nne za daftari la shule. Nikamsomea. Alisahihisha mahali pawili, kisha akatia sahihi yake kwa Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni. Kisha nikaandika cha Bibi cha usiku ule, nami nikatia yangu, mama akiangalia pembeni. Cha mjomba kilikuwa kifupi, hakikufika hata nusu ya ukurasa. Nilipomsomea alitikisa kichwa akasema yote ni sawa, yote, lakini hawezi kutia sahihi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema nimeandika mbwa mweusi, na yeye hana hakika kama alikuwa mweusi au ni ukumbi uliokuwa na giza.